Benjamin Graham: Yatima aliyeufunza ulimwengu kupima bei ya hisa

MTU anayetaka kununua duka katika soko la Muthara, Tigania Mashariki, hahitaji shahada ya uchumi ili ajue kama bei anayotajiwa ni ya haki. Kabla ya maswali mengine yote, atauliza moja: je, duka hili humwachia mwenyewe kiasi gani kwa mwaka, baada ya kulipa kodi ya nyumba, mishahara ya wafanyakazi na gharama ya bidhaa?

Akiambiwa kwamba faida ni Sh200,000 kwa mwaka na bei ya duka ni Sh1 milioni, atajua mara moja kwamba anaombwa alipe faida ya miaka mitano. Akiambiwa bei ni Sh6 milioni, atafunga mkoba wake na kwenda zake, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayelipia duka la mtaani faida ya miaka 30.

Lakini mtu huyo huyo anapotaka kununua hisa za kampuni kubwa ya maduka, mara nyingi swali hilo humtoka akilini. Huuliza hisa ilipanda kiasi gani wiki iliyopita, jirani amenunua ngapi na magazeti yanasema nini. Hulipa faida ya miaka 30 bila kujua, na pengine hulipia kampuni isiyokuwa na faida yoyote.

Mtu aliyetumia uhai wake wote kuirejesha hekima ya soko la kijijini katika soko la hisa aliitwa Benjamin Graham. Alifariki 1976, akiwa na umri wa miaka 82. Hata leo, kila mchanganuzi anayegawanya bei ya hisa kwa faida ya hisa hiyo ili apate kile kinachoitwa uwiano wa bei na faida, hutembea katika njia aliyoifyeka mzee huyo.

Graham hakuubuni uwiano huo. Wafanyabiashara wa Wall Street waliutumia kabla yake, ingawa kiholela. Alichofanya ni kuuwekea masharti, kuufundisha darasani na kuonyesha mahali unapoweza kumdanganya mwekezaji. Mafunzo yenyewe hakuyapata vitabuni kwanza. Aliyapata nyumbani kwa mamake.

Mjane na mkopo wa hisa

Alizaliwa jijini London, Uingereza, Mei 9, 1894, katika familia ya Kiyahudi iliyojulikana kwa jina la Grossbaum. Alikuwa na umri wa takriban mwaka mmoja wakati wazazi wake walipohamia New York, Marekani, ambako babake aliendesha biashara ya kuagiza vyombo vya kauri kutoka Ulaya na kuviuza.

Kwa miaka michache familia hiyo iliishi maisha ya neema. Hata hivyo, mwaka wa 1903 baba aliaga dunia akiwa bado kijana wa miaka 35. Benjamin, ambaye alikuwa kitinda mimba kati ya wavulana watatu, hakuwa ametimiza miaka tisa. Biashara ya vyombo haikudumu baada ya mwenyewe kufa.

Mama, Dorothy, alijaribu kila njia ili wanawe wasilale njaa. Aligeuza nyumba yake kuwa ya kupangisha wageni. Hilo lilipokosa kutosha, aliingia katika soko la hisa kwa njia ambayo wajane wengi wa wakati huo walishawishiwa kuifuata: alinunua hisa kwa fedha za mkopo alizopewa na dalali, hisa zenyewe zikiwa ndizo dhamana.

Mwaka wa 1907 mtafaruku wa fedha uliikumba Marekani. Benki zilifungwa na bei za hisa zikaporomoka. Aliyenunua kwa fedha zake aliweza kusubiri, lakini aliyekopa hakupewa nafasi hiyo. Akiba ndogo ya mjane huyo iliteketea yote.

Katika siku hizo, kijana Benjamin alitumwa benki kubadilisha hundi ya mamake na akamsikia karani akimuuliza mwenzake kama mama huyo anaweza kuaminiwa kwa dola tano. Aibu ya siku hiyo haikumtoka hadi uzeeni. Wanaotafuta chanzo cha falsafa yake ya tahadhari hawana haja ya kwenda mbali zaidi ya kaunta ile.

Karani wa dola 12

Umaskini haukumzuia kusoma. Alisoma Kilatini na Kigiriki, akapenda mashairi ya kale na hisabati kwa kiwango sawa. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia kwa ufadhili wa masomo, na huku akifanya kazi za vibarua alihitimu mwaka wa 1914 akiwa wa pili katika darasa lake.

Kabla hajapokea shahada, idara tatu za chuo hicho zilikuwa zimemwomba abaki awe mwalimu: ile ya Kiingereza, ya falsafa na ya hisabati. Kijana wa miaka 20 kutakiwa na idara tatu kwa wakati mmoja lilikuwa jambo nadra. Lakini mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo na mama yake alihitaji msaada. Alichagua Wall Street.

Kampuni ya udalali ya Newburger, Henderson na Loeb ilimwajiri kwa dola 12 kwa wiki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka vyeti vya hisa na hundi kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mwaka huo huo Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka na Soko la Hisa la New York likafungwa kwa takriban miezi minne.

Wakati huo wengi katika soko hilo walinunua na kuuza kwa kufuata uvumi. Ripoti za kampuni zilikuwepo, lakini wachache walizisoma. Graham alizisoma. Mwaka wa 1915 aligundua kwamba Guggenheim Exploration, kampuni iliyokuwa ikivunjwa, ilimiliki hisa za migodi zenye thamani ya takriban dola 76 kwa kila hisa yake, ilhali hisa hiyo iliuzwa chini ya dola 69. Mnunuzi alikuwa na hakika ya tofauti hiyo, mradi tu awe na subira.

Mwaka wa 1917, wakati chuki dhidi ya majina yenye asili ya Kijerumani ilipokuwa imetanda Marekani, familia ilibadilisha jina na kuwa Graham. Kufikia 1920 kijana aliyeanza kama tarishi alikuwa mshirika katika kampuni ile ile iliyomwajiri.

Safari ya Oil City

Kisa kilichomjengea jina kilitokea 1926. Akipekua nyaraka za serikali jijini Washington, aligundua kwamba kampuni ndogo ya kusafirisha mafuta, Northern Pipe Line, ilikuwa imehifadhi hati za dhamana zenye thamani ya dola 95 kwa kila hisa. Hisa zenyewe ziliuzwa kwa dola 65.

Aliwaendea wakurugenzi akawaomba wawagawie wenyehisa mali hiyo ambayo haikuwa na kazi katika biashara. Walimpuuza. Mapema 1927 alisafiri hadi mji wa Oil City, Pennsylvania, kuhudhuria mkutano wa mwaka. Alikuwa mgeni pekee ukumbini, na hoja yake ilianguka kwa kukosa hata mtu mmoja wa kuiunga mkono.

Alirudi mwaka uliofuata akiwa na kura za kutosha kuchukua viti viwili katika bodi. Hatimaye kampuni iliwalipa wenyehisa dola 70 kwa kila hisa. Somo lilikuwa wazi: cheti cha hisa ni sehemu ya umiliki wa biashara halisi, yenye mali na madeni yake.

Kufikia wakati huo alikuwa akisimamia fedha za watu wengine pamoja na mshirika wake, Jerome Newman. Vilevile, mwaka wa 1928 alianza kufundisha katika chuo kile kile cha Columbia, jioni baada ya saa za soko. Mhadhiri kijana aliyeitwa David Dodd aliketi darasani akiandika kila alichosema.

Lakini furaha yake haikuwa kamili. Mwaka wa 1927 alimpoteza mtoto wake wa kwanza wa kiume kwa ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo. Maisha yake ya ndoa pia hayakutulia: alioa mara tatu na kuachana na wake wawili wa kwanza.

Mwalimu aanguka

Mwanzoni mwa 1929, hazina aliyoisimamia ilikuwa imefikia dola milioni 2.5. Alikuwa na umri wa miaka 34 na tayari ni tajiri. Alikodi makao ya kifahari yanayotazama bustani kuu ya New York, akatia sahihi mkataba wa miaka 10.

Oktoba mwaka huo soko liliporomoka. Graham alikuwa mwangalifu kuliko wengi, lakini hata yeye alikuwa amekopa. Mwaka wa 1929 alipoteza asilimia 20. Mwaka wa 1930 alidhani mabaya yamekwisha, akabaki sokoni na kupoteza nusu ya kilichosalia. Kufikia 1932, takriban asilimia 70 ya fedha zilizokuwepo zilikuwa zimepotea.

Mtoto wa mjane aliyefilisishwa na hisa za mkopo alikuwa amekosea kwa namna ile ile ya mamake, ingawa kwa kiwango kikubwa zaidi. Ilimbidi ahame makao yale. Mkewe wa kwanza alirudia kazi ya kufundisha dansi.

Ni hapa ambapo tabia ya mtu huyo ilidhihirika. Mkataba wake na wateja ulisema kwamba hatapokea malipo yoyote hadi hasara yao ifidiwe. Kwa takriban miaka mitano yeye na Newman walifanya kazi bila malipo ya usimamizi, huku Graham akiishi kwa kufundisha, kuandika na kutoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani. Kufikia mwisho wa 1935 hasara yote ilikuwa imerudishwa.

Mwaka wa 1932, wakati watu walipokuwa wakizikimbia hisa kama ukoma, aliandika makala katika jarida la Forbes akionyesha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Columbia. Kati ya kampuni 600 za viwanda, zaidi ya 200 ziliuzwa kwa bei iliyokuwa chini ya fedha na mali nyepesi zilizobaki baada ya kuondoa madeni yote. Soko lilikuwa likisema kwamba kampuni hizo zingefaa zaidi zikifa.

Kipimo chapata masharti

Mwaka wa 1934, Graham na Dodd walichapisha kitabu cha Security Analysis, kikubwa, kizito, kilichojaa majedwali. Hakuna wakati uliokuwa mbaya zaidi wa kuuza kitabu kuhusu hisa, lakini hakijawahi kutoweka madukani tangu hapo.

Humo ndimo alimoweka masharti ya kutumia uwiano wa bei na faida. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ikiwa hisa ya kampuni ya maduka inauzwa kwa Sh20 na faida ya mwaka kwa kila hisa ni Sh2, uwiano ni 10. Mnunuzi analipa faida ya miaka 10, au kwa kuigeuza hesabu, kila Sh100 anazotoa zinazalisha faida ya Sh10 kwa mwaka.

Ugumu umo katika neno faida. Graham alikataa faida ya mwaka mmoja itumike peke yake. Duka huweza kuuza kiwanja lililokimiliki kwa miaka mingi, na faida ya mwaka huo ikavimba ingawa wateja wamepungua. Kwa hivyo, alitaka faida ya wastani wa miaka kadhaa, mitano hadi 10, ili mwaka wa neema na mwaka wa ukame vipimwe pamoja.

Sharti la pili lilihusu kikomo. Katika chapa ya kwanza alisema kwamba anayelipa zaidi ya takriban mara 16 ya faida hiyo ya wastani amekwisha kuwa mcheza kamari, hata kama kampuni ni nzuri. Chapa ya 1940 ilipandisha kikomo hicho hadi mara 20. Hakumkataza mtu kulipa zaidi. Alichotaka ni kwamba ajue ameacha kuwekeza na kuanza kubahatisha.

La tatu liliyagusa maduka moja kwa moja. Kampuni za rejareja nyingi hazimiliki majengo, bali hupanga kwa mikataba ya muda mrefu. Mdororo wa miaka ya 1930 ulionyesha kwamba mikataba hiyo huua kama deni la benki, kwa kuwa kodi lazima ilipwe hata wateja wasipokuja. Aliyeangalia faida na madeni yaliyoandikwa tu, bila kuhesabu kodi za miaka ijayo, aliona kampuni imara mahali ambapo palikuwa na shimo.

Kisa cha maduka ya A&P

Mfano alioupenda zaidi, na ambao aliurudia katika kitabu chake cha pili, ulihusu kampuni ya maduka ya vyakula iliyojulikana kama A&P. Ilianzishwa 1859 kwa kuuza majani chai, na kufikia 1930 ilikuwa na zaidi ya maduka 15,000 kote Marekani.

Mwaka wa 1929 hisa moja ya A&P iliuzwa kwa hadi dola 494. Mwaka wa 1938 ilishuka hadi dola 36. Mauzo hayakuwa yamekoma, wala wenye nyumba hawakuwa wameacha kununua unga na sukari. Kilichokuwepo ni hofu: faida ilikuwa imepungua mwaka mmoja, majimbo yalitishia kutoza maduka hayo ushuru maalumu, na soko lote lilikuwa limelegea.

Graham aliwaonyesha wasomaji wake hesabu. Kwa bei hiyo, hisa zote za kampuni kwa pamoja zilithaminiwa dola milioni 126. Lakini kampuni ilikuwa na fedha taslimu dola milioni 85, na mtaji wake wa kuzungusha, baada ya kuondoa madeni ya karibuni, ulikuwa dola milioni 134. Aliyenunua alipewa maelfu ya maduka, jina na wateja bila kulipia hata senti. Mwaka uliofuata hisa ilifika dola 117.5.

Miaka 23 baadaye kisa kiligeuka. Mwaka wa 1961 kila hisa moja ilikuwa imegawanywa kuwa 10, na hisa hizo mpya zikauzwa kwa dola 70.5, sawa na dola 705 kwa hisa moja ya zamani. Bei hiyo ilikuwa angalau mara 30 ya faida ya mwaka huo, ilhali kampuni kubwa za viwanda za faharasa ya Dow Jones ziliuzwa kwa wastani wa mara 23.

Mara 30 maana yake ni faida ya Sh3.30 tu kwa kila Sh100 zilizotolewa. Wakati huo hati za dhamana za kampuni bora zililipa zaidi ya asilimia 4 bila bughudha. Ili bei hiyo iwe na maana, A&P ilihitaji kukua kwa kasi kwa miaka mingi. Haikukua. Mwaka wa 1962 hisa ilishuka hadi dola 34, na muongo mmoja baadaye, iliporipoti hasara ya robo mwaka, ilikuwa imeporomoka zaidi. Kampuni hiyo ilifunga milango kabisa 2015.

Ni kampuni ile ile iliyokuwa almasi kwa dola 36 na mtego kwa dola 70. Hapo ndipo lilipo fundisho kuu la Graham: hakuna hisa iliyo nzuri au mbaya kabla ya kutajwa bei yake.

Mwanafunzi kutoka Omaha

Mwaka wa 1949 alichapisha The Intelligent Investor, kitabu chepesi kilichokusudiwa watu wa kawaida. Ndani yake alimchora mshirika wa kubuni aitwaye Bwana Soko, ambaye kila asubuhi hubisha hodi akitaja bei mpya, siku nyingine akiwa na furaha ya kupindukia na siku nyingine akiwa amekata tamaa. Mwekezaji ana hiari ya kumuuzia, kununua kutoka kwake au kumfungia mlango.

Kitabu hicho kilisomwa na kijana wa Omaha, Nebraska, aliyeitwa Warren Buffett. Alimfuata Graham hadi Columbia, akasoma kwake 1950 na 1951, kisha akaomba kazi hata bila malipo. Alikataliwa. Aliajiriwa 1954, na baadaye akawa mmoja wa matajiri wakubwa duniani, bila kuchoka kumtaja mwalimu wake.

Mwaka huo wa 1954 ulikuwa mchungu kwa Graham mwenyewe. Mwanawe Newton, aliyekuwa mwanajeshi nchini Ufaransa, alijiua. Miaka miwili baadaye alifunga kampuni yake ya uwekezaji, akahamia California na kufundisha huko.

Jambo moja alilikiri bila kificho. Mwaka wa 1948 kampuni yake ilinunua nusu ya kampuni ya bima ya GEICO kwa takriban dola 712,000. Faida iliyotokana na hisa hizo peke yake ilizidi faida ya mambo mengine yote aliyoyafanya kwa miaka 20. Na kwa jinsi zilivyopanda baadaye, zilipita mbali vikomo vyake mwenyewe vya bei, lakini hakuzitupa kwa sababu aliiona kama biashara ya nyumbani. Kipimo chake, kwa hivyo, kilikuwa ngao dhidi ya ujinga, wala si mwisho wa hekima.

Somo kwa soko la Nairobi

Mwaka huo huo wa 1954 ndipo Soko la Hisa la Nairobi lilipoundwa rasmi kama chama cha hiari cha madalali. Waafrika hawakuwa na nafasi humo. Nusu karne baadaye hali ilikuwa imegeuka, na kuanzia mauzo ya hisa za KenGen 2006 hadi za Safaricom 2008, wakulima, walimu na wachuuzi walipanga foleni kujaza fomu.

Wengine walikopa, kama mjane Dorothy alivyofanya. Hisa ya Safaricom iliyouzwa kwa Sh5 ilishuka chini ya bei hiyo kabla ya 2008 kumalizika. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kusubiri, na miaka ilipopita alituzwa. Aliyekopa alilazimika kuuza ili alipe benki.

Kuhusu maduka, Kenya ina kisa chake. Uchumi, iliyoanzishwa na serikali 1975, iliorodheshwa katika soko la hisa 1992 na kwa miaka mingi ilikuwa kampuni pekee ya supamaketi ambayo mwananchi angeweza kununua hisa zake. Mnamo Juni 2006 ilifunga milango, ikawekwa chini ya mrasimu na hisa zake zikasimamishwa. Ilifufuliwa, na hisa zikarudi sokoni Mei 2011.

Walioshangilia kurudi huko waliangalia faida ya mwaka mmoja au miwili. Mwaka wa 2014 kampuni iliwauzia wenyehisa wake hisa za ziada ili ipate mtaji, lakini kufikia 2015 ilikuwa katika hasara kubwa na kufunga maduka yake ya Uganda na Tanzania. Wauzaji bidhaa walibaki wakidai.

Katika hali kama hiyo uwiano wa bei na faida hunyamaza kabisa, kwa kuwa bei haiwezi kugawanywa kwa faida isiyokuwepo. Hisa ya shilingi chache huonekana rahisi, lakini rahisi ya nini? Graham angetaka kwanza wastani wa faida wa miaka kadhaa, ukijumuisha ile ya hasara, kisha angehesabu deni la wauzaji bidhaa na kodi za majengo. Baada ya hapo ndipo angeitazama bei.

Jioni ya mzee

Uzeeni, Graham aliishi kwa zamu kati ya California, Ureno na Ufaransa. Alirudi kwa mapenzi yake ya ujanani, lugha na fasihi. Alitafsiri kutoka Kihispania hadi Kiingereza riwaya ya mwandishi wa Uruguay, Mario Benedetti, iliyochapishwa 1969. Fedha zilikuwa hazimsisimui tena.

Katika chapa ya mwisho ya The Intelligent Investor aliyoisimamia, ile ya 1973, aliupunguza ushauri wake kwa mwekezaji wa kawaida: asilipe zaidi ya mara 15 ya wastani wa faida ya miaka mitatu, na aipime bei hiyo pia dhidi ya mali ya kampuni. Muda mfupi kabla ya kifo chake alirahisisha zaidi. Alipendekeza kununua hisa nyingi tofauti, angalau 30, zenye uwiano usiozidi takriban 7, za kampuni ambazo mali yake kwa kiasi cha nusu au zaidi haidaiwi na mtu.

Mara 7 haikuwa nambari ya uganga. Wakati huo hati za dhamana bora zililipa zaidi ya asilimia 7, naye alitaka hisa izalishe maradufu ya hapo ili kufidia hatari. Riba zikishuka, kikomo hupanda, na zikipanda, kikomo hushuka. Mkenya anayeona hati za serikali zikilipa zaidi ya asilimia 10 ana sababu ya kudai bei ya chini zaidi kwa hisa za supamaketi.

Alifariki Septemba 21, 1976, mjini Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Aliacha vitabu, wanafunzi, na taaluma nzima ya wachanganuzi wa hisa ambao aliwapigania wawe na mtihani wao; mtihani huo ulianza kutolewa 1963.

Zaidi ya hayo aliacha lile swali la soko la Muthara, ambalo mamake hakupata mtu wa kumfundisha kabla ya 1907. Duka hili humwachia mwenyewe kiasi gani, kwa miaka mingapi, na mimi naombwa nilipe faida ya miaka mingapi? Asiyeuliza hayo kabla ya kutoa fedha zake, atayauliza baadaye mbele ya kaunta ya benki.